Vidonge vya saratani ya mapafu: namna ya kuvitumia kwa usalama ukiwa nyumbani

Zamani mgonjwa wa saratani ya mapafu alijua njia mbili au tatu tu: upasuaji, mionzi na dripu za hospitali. Siku hizi baadhi ya wagonjwa wanatoka kliniki wakiwa na boksi dogo la vidonge vya kumeza nyumbani, kimoja kwa siku. Dawa inaonekana nyepesi kama ya malaria, lakini si nyepesi. Ikimezwa ovyo inapoteza nguvu au inamuumiza aliyeimeza, tena mbali na daktari.

Makala hii tumeiandaa kwa ajili ya mgonjwa anayetoka mkoani, akafikia kwa ndugu Gerezani au Kariakoo, akahudhuria kliniki ya Taasisi ya Saratani Ocean Road, kisha akarudi kijijini na dawa mkononi. Inamhusu pia yule anayemuuguza: mke, mume, mtoto au mkwe. Ihifadhi kwenye simu, uisome tena kila unapokwama.

Ni dawa gani hizi?

Hizi ni dawa zinazolenga hitilafu maalumu ndani ya seli ya saratani. Seli hiyo huwa na kitu mfano wa swichi iliyokwama ikiwa imewashwa, kwa hiyo inagawanyika bila kukoma. Kidonge kinaizima swichi hiyo. Swichi zinazotajwa sana kwenye saratani ya mapafu zinaitwa EGFR na ALK.

Majina ya dawa tunayaandika kama yalivyo kwenye boksi, ili uweze kulinganisha. Kwa EGFR kuna gefitinib, erlotinib, afatinib na osimertinib. Kwa ALK kuna crizotinib, alectinib na nyinginezo. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliiingiza erlotinib kwenye orodha yake ya dawa muhimu, na kutaja gefitinib na afatinib kuwa zinaweza kutumika badala yake.

Dawa hizi hazimfai kila mwenye saratani ya mapafu. Kwanza kinachukuliwa kinyama, au damu, na kupimwa kama hitilafu hiyo ipo. Kama haipo, kidonge hakitasaidia, hata kama kilimsaidia jirani. Ndiyo maana hatushauri kabisa kuazimana au kurithi vidonge, hata vikiwa vimebaki kwa marehemu na bado havijaisha muda.

Jambo jingine: saratani hii si ya wavuta sigara peke yao. Sigara ndiyo inayoongoza, lakini Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeutaja pia moshi wa injini za dizeli (2012), hewa chafu ya nje (2013) na moshi wa kuchomelea vyuma (2017) kuwa visababishi vya saratani. Mafundi wa Gerezani wanaochomelea kutwa nzima hilo linawahusu. Na hitilafu ya EGFR huonekana zaidi kwa watu ambao hawajawahi kuvuta. Kwa hiyo mgonjwa asisimangwe kwamba amejitakia.

Soma maelekezo, halafu soma saa

Swali la kwanza kumuuliza mfamasia ni hili: dawa hii inamezwa kabla ya chakula, pamoja na chakula, au wakati wowote? Jibu linatofautiana.

- Gefitinib (kawaida miligramu 250, mara moja kwa siku) na osimertinib (kawaida miligramu 80, mara moja kwa siku): humezwa ukiwa umekula au hujala.
- Erlotinib (kawaida miligramu 150, mara moja kwa siku): humezwa tumbo likiwa tupu, angalau saa moja kabla ya kula au saa mbili baada ya kula. Chakula huifanya iingie mwilini kwa wingi kupita kiasi, na madhara yakazidi.
- Afatinib (mara nyingi miligramu 40, mara moja kwa siku): nayo humezwa tumbo likiwa tupu. Subiri saa tatu baada ya kula, kisha usile hadi saa moja ipite.
- Alectinib (kawaida kapsuli nne za miligramu 150, mara mbili kwa siku): humezwa pamoja na chakula. Bila chakula haiingii mwilini vya kutosha.

Daktari anaweza kukupa kiwango tofauti na hivi kwa sababu ya ini, umri au madhara. Fuata kilichoandikwa kwenye cheti chako.

Angalia mwandiko wa bahasha. Ukiona "1 x 1", maana yake kidonge kimoja mara moja kwa siku. "4 x 2" ni kapsuli nne asubuhi na nne jioni, jumla nane. Wapo wanaoisoma kinyume. Mwambie mfamasia akutamkie kwa mdomo, nawe umrudishie maneno yake kabla hujaondoka dirishani.

Kuna mtego mwingine, nao ni saa. Simu inahesabu saa za Kizungu. Ukiandikiwa 8:00 PM, hiyo ni saa 2 usiku, si saa 8. Tega kengele ya simu kwa saa hiyo hiyo kila siku, na mtu wa pili nyumbani naye ategeshe ya kwake. Kisha weka alama kwenye kalenda ya ukutani kila ukimeza. Simu huzimika chaji, kalenda haizimiki.

Ukisahau, au ukitapika

Kwa gefitinib na osimertinib kanuni ni rahisi. Kama dozi inayofuata iko mbali kwa zaidi ya saa 12, meza ile uliyoisahau. Kama zimebaki chini ya saa 12, iache, usubiri ya kesho. Kwa dawa nyingine muulize mfamasia kanuni yake siku unapoichukua, na uiandike nyuma ya boksi.

Usimeze mbili kwa pamoja ili kufidia. Ukitapika baada ya kumeza, usirudie siku hiyo. Subiri dozi inayofuata kwa saa yake na utoe taarifa kliniki. Kama kutapika kunajirudia siku mbili mfululizo, usingoje tarehe ya kliniki.

Kidonge kisisagwe, kisitafunwe wala kukatwa. Mgonjwa asiyeweza kumeza aseme, kwa sababu baadhi ya vidonge, kama gefitinib na osimertinib, huweza kuachwa vilegee kwenye maji safi na kunywewa vyote mara moja. Ni maji tu, si soda, maziwa wala juisi. Fanya hivyo baada ya kuelekezwa namna.

Dawa na vyakula vinavyogombana nayo

Hapa ndipo wagonjwa wengi wanapojikwaa, kwa sababu dawa inayogombana mara nyingi ni ile iliyozoeleka, inayonunuliwa bila kuuliza mtu.

*Dawa za vidonda vya tumbo.* Omeprazole inauzwa kila kona. Tumboni inapunguza asidi, na bila asidi ya kutosha gefitinib na erlotinib haziyeyuki vizuri. Kwa erlotinib, omeprazole inaweza kupunguza dawa iingiayo mwilini kwa karibu nusu. Mgonjwa anameza kila siku, anadhani anatibiwa, kumbe anapata nusu dozi. Osimertinib haina tatizo hili. Kama tumbo linakusumbua, sema kliniki upangiwe dawa au saa inayofaa.

*Dawa za kifua kikuu.* Rifampicin inalifanya ini livunje dawa hizi haraka mno. Kwa gefitinib, erlotinib na osimertinib, kiasi kinachobaki kwenye damu hupungua kwa theluthi mbili au zaidi. Jambo hili ni zito kwetu, kwa sababu TB ipo kwa wingi na dalili zake hufanana na za saratani ya mapafu: kikohozi, kukonda, damu kwenye makohozi. Ukiambiwa una TB, usikatae matibabu yake, na usiache kidonge cha saratani kimya kimya. Wakutanishe madaktari wawili hao, hata kwa simu, ili wapange dawa zote mbili.

*Dawa za kifafa na ARV.* Carbamazepine, phenytoin na phenobarbital hupunguza nguvu ya vidonge vingi vya aina hii. Baadhi ya ARV huipunguza, nyingine huipandisha hadi ikawa sumu. Usione haya kusema kwamba unatumia ARV. Daktari akifahamu, ana njia ya kupanga. Asipofahamu, ni wewe utakayeumia.

*Malaria.* Homa ikipanda, kapime kwanza, usijitibu kwa kubahatisha. Ukikutwa na malaria, tibiwa, lakini mwonyeshe mhudumu boksi lako kabla hajaandika dawa. Baadhi ya dawa za malaria, na pia za fangasi na viuavijasumu fulani, zikikutana na vidonge hivi zinaweza kuvuruga mapigo ya moyo au kubadili kiwango cha dawa mwilini.

*Sigara.* Kwa anayetumia erlotinib, kuvuta sigara hupunguza dawa mwilini kwa zaidi ya nusu. Ukiacha au ukirudia kuvuta, mwambie daktari.

*Balungi.* Tunda hili na juisi yake huzuia ini kuvunja baadhi ya dawa hizi, zikarundikana. Liache kabisa wakati wa tiba. Kwenye meza za juisi ya mchanganyiko, uliza kilichomo kabla ya kunywa.

*Dawa za asili.* Hatusemi mitishamba yote ni mibaya. Tunasema hakuna anayejua mchanganyiko wa mizizi mitano unafanya nini kwenye ini lenye kazi ya kuvunja kidonge hiki. Mwaka 2011 maelfu ya watu walikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Babu, na madaktari waliwapokea wagonjwa walioacha ARV zao baada ya safari ile. Sala na dua hazigombani na kidonge. Kuacha kidonge ndiko kunakoua.

Madhara: ya kuvumilia na ya kukimbilia hospitali

Vipele vya usoni, kifuani na mgongoni ni dalili ya kawaida kwa dawa za EGFR, na mara nyingi huanza ndani ya wiki mbili za mwanzo. Vinafanana na chunusi, lakini si chunusi, wala mgonjwa hakulishwa kitu na mtu. Osha kwa sabuni laini isiyo na manukato, paka mafuta ya kulainisha ngozi, vaa kofia au mtandio juani. Usipake dawa za chunusi, na usiguse krimu za mkorogo zinazouzwa mitaani. Nyingi zina dawa kali zinazoichoma ngozi iliyokwisha kuwa dhaifu. Vipele vikienea, vikitoa usaha au vikiuma, daktari ana dawa ya kuvituliza.

Kuharisha nako ni kwa kawaida, hasa kwa afatinib. Ukianza tu, kunywa maji ya ORS, pakiti moja kwa lita moja ya maji safi na salama, kidogo kidogo mchana kutwa. Omba kliniki wakupe mapema dawa ya kuzuia kuharisha iitwayo loperamide na maelekezo yake, usafiri nayo. Ukienda choo mara nne au zaidi kuliko kawaida yako kwa siku, ukiona damu, ukipata homa au kizunguzungu, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Mengine ni vidonda mdomoni, ngozi kukauka, na vidole kuvimba pembeni mwa kucha. Sukutua kwa maji ya chumvi, epuka pilipili, usikate kucha hadi kwenye nyama, na vaa viatu vya wazi.

Sasa yale yasiyongojewa. Nenda hospitali mara moja ukipata lolote kati ya haya:

1. Pumzi kubana ghafla au kuzidi, pamoja na kikohozi kipya au homa.
2. Macho au ngozi kuwa ya manjano, mkojo kuwa mweusi kama chai ya rangi.
3. Moyo kwenda mbio au kusuasua, kuzimia, miguu kuvimba.
4. Jicho kuuma, kuwa jekundu sana au kuona ukungu.
5. Maumivu makali ya tumbo, au ngozi kutoka malengelenge na kubabuka.

La kwanza lina historia yake. Gefitinib iliidhinishwa kwanza Japani, Julai 2002. Haikupita miezi mingi zikaja taarifa za wagonjwa waliopata uvimbe ndani ya mapafu na kufa, na Oktoba mwaka huo huo ikatolewa tahadhari ya dharura kwa madaktari wote wa nchi hiyo. Ni rahisi mtu anayemeza dawa nyumbani kudhani kubanwa pumzi ni ugonjwa wenyewe. Tangu hapo kanuni ni hii: pumzi ikibadilika ghafla, usimeze kidonge kinachofuata kabla daktari hajakuona. Kwenye zahanati sema waziwazi, "Natumia kidonge cha saratani kinachoweza kudhuru mapafu," wasije wakakutibu nimonia peke yake.

Kwa madhara mengine, usijipunguzie dozi na usiache mwenyewe. Piga simu kliniki. Mara nyingi daktari husimamisha dawa kwa siku chache kisha huirudisha, au huishusha kiwango.

Kununua dawa Kariakoo

Kliniki ikikwambia ununue nje, ndugu wa mjini watakuelekeza Kariakoo, kwa kuwa ndiko kila kitu kinakopatikana. Lakini dawa hii si kitenge cha kuzunguka nacho ukitafuta bei. Nunua famasi iliyosajiliwa, yenye mfamasia, kwa cheti cha daktari. Maduka ya dawa muhimu, yale yaliyoenea vijijini, hayaruhusiwi kuuza dawa za saratani. Anayekuletea mkononi, barabarani au kwa kutumiwa pesa kwenye simu, mwache.

Kagua boksi kabla ya kulipa: jina la dawa, miligramu, tarehe ya kuisha muda, namba ya toleo, na kama limefungwa kama lilivyotoka kiwandani. Vidonge vilivyomwagwa kwenye bahasha usivichukue. Dai risiti, uihifadhi. Ukiwa na shaka, toa taarifa kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, ambayo hadi 2019 tuliijua kwa jina la TFDA.

Dawa moja hutengenezwa na viwanda vingi, kila kimoja na jina lake kubwa la biashara. Tazama jina dogo la chini, kwa mfano "erlotinib". Ukipewa boksi la rangi tofauti lakini jina dogo ni lile lile, hiyo ni dawa ile ile. Usimeze zote mbili.

Kuhusu pesa tuseme wazi. Dawa hizi ni ghali, na wapo wanaomeza siku moja wakiruka ya pili ili boksi lifike mwisho wa mwezi. Hapo hujaokoa pesa, umenunua dawa isiyofanya kazi. Mzigo ukikushinda, mwone ofisa ustawi wa jamii wa hospitali na uulize bima yako inalipia nini, kabla boksi halijaisha. Hakuna aibu katika hilo.

Safari, joto na mfungo

Weka dawa kwenye boksi lake, mahali pakavu, chini ya nyuzi joto 30, mbali na watoto. Si dirishani, si jikoni, si juu ya redio. Kwenye basi itembee nawe kwenye begi la mkononi. Buti la basi linaungua jua kutwa, na begi la buti linaweza kupotea. Boksi na cheti vipige picha kwenye simu.

Hesabu siku. Vidonge vikibaki vya siku kumi, anza mipango ya safari, na wakati wa masika ongeza wiki. Ndugu wa Gerezani anaweza kukuchukulia dawa kama kliniki imekubali, lakini vipimo vya damu, moyo na picha ya kifua lazima uje mwenyewe.

Kwa Waislamu, mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga. Anayetaka kufunga azungumze na daktari mapema. Dawa ya mara moja kwa siku inaweza kuhamishiwa usiku: gefitinib wakati wa futari, au erlotinib katikati ya futari na daku, tumbo likiwa tupu. Lakini anayeharisha asifunge, kwa maana atakaukiwa maji.

Kwa anayeuguza

Nawa mikono ukishashika vidonge. Mjamzito asishike kidonge kilichovunjika. Mwanamke anayetumia dawa hizi asibebe mimba na asinyonyeshe. Mwanamume naye atumie kinga. Muda wa kuendelea na kinga baada ya kuacha dawa hutofautiana. Kwa osimertinib, kwa mfano, ni wiki 6 kwa mwanamke na miezi 4 kwa mwanamume. Vidonge vilivyobaki virudishwe hospitali, visitupwe chooni.

Karatasi moja ya kuwa nayo daima

Andika kwenye karatasi na kwenye simu: jina la dawa na miligramu, saa ya kumeza, dawa nyingine zote unazotumia, namba ya faili, namba ya simu ya kliniki, na namba ya ndugu. Kila unapoingia zahanati, hata kwa jino tu, itoe karatasi hiyo kabla hujaeleza shida yako.

Haya tuliyoyaandika hayachukui nafasi ya daktari wako. Yanakusaidia kumuuliza maswali sahihi, na kujua siku ya kumpigia simu bila kungoja.